Kamba Haikufika

Siku ya mazoezi ya kikosi cha uokoaji, Wakesho ndiye aliyeteremshwa gengeni. Kamanda Nyambu alimkaza mkanda kiunoni, akaipitisha kamba kwenye kapi, akashika breki mwenyewe.

Katikati ya genge, Wakesho alijisukuma kwa miguu hadi upande ambao hakuambiwa aende. Akakanyaga jiwe lililochomoza kama meza. Hapo ndipo marehemu kaka yake Mghanga alipolala na mguu uliovunjika, akiita mpaka sauti ikamkauka. Msibani, Nyambu alimshika mama yao mikono, akalia naye.

"Tulijaribu, mama. Kamba haikufika."

Wakesho alibonyeza redio. "Kamanda, kamba hii ni mpya?"

"Mpya itoke wapi? Ni hii hii ya siku zote. Umefika?"

"Ongeza."

Kamba ikashuka, ikajikunja miguuni pake.

"Ongeza."

Ikashuka tena, ikajaa jiweni, ikaning'inia ukingoni.

"Wakesho, uko wapi wewe?"

"Alipolala Mghanga."

Kule juu kichwa cha Nyambu kilichungulia, kikarudi upesi.

Wakesho akaketi, akaipakata kamba iliyozidi, akangoja mkono ule ule umvute.