Maswali Kumi na Mawili kutoka Chuoni

Tekla aliisoma barua ya bintiye mara nne, na mara zote nne lile neno lilikuwa pale pale: Kihispania.

"Mama, mwaka huu nachukua masomo matatu," Roza alikuwa ameandika kutoka chuoni Mbeya. "Sosholojia, uongozi wa michezo, na Kihispania. Mwalimu wetu wa Kihispania amesoma Kuba. Anatufundisha vizuri sana."

Sosholojia Tekla hakuijua, ila ilisikika kama ugonjwa unaopona. Michezo aliimeza, tangu utoto wake Roza alikuwa na filimbi mdomoni, anawapanga mistari watoto wa mtaa wao wa Mlandege hata wasiotaka kucheza. Lakini Kihispania! Iringa nzima nani anakisema? Maharage sokoni utanunua kwa Kihispania? Mtu hajifunzi lugha ya ng'ambo kama hana safari ya ng'ambo. Na lile "vizuri sana", mama yeyote mwenye masikio angelisikia.

Alimwona kabisa huyo mwalimu: Mzungu wa Kuba, ndevu hadi kifuani, sigara nene kama gunzi. Akamwona na Roza, mtoto wake wa pekee, anapanda meli. Baba yake Roza alikwisha fariki. Roza akienda, nyumba inabaki na Tekla na kuku.

Siku ya tatu kijana mmoja nadhifu akabisha hodi, faili kwapani.

"Kamwene, mama," alisalimu kwa Kihehe. "Naitwa Bartolomeo. Natoka chuoni kwa akina Roza."

Tekla nusura amwangushe kwa kumkaribisha. Akamwekea ugali na maharage, mtu wa watu katoka mbali. Kijana akaeleza kilichomleta: kazi ya sosholojia. Maswali kumi na mawili kwa mzazi, Roza mwenyewe kayatunga.

Karatasi ilipigwa taipu, safi, kama ya serikali. Wewe mwenye binti chuoni, soma hapa polepole. Tekla alikuwa na darasa lake la nne, na alijua karatasi ya taipu si ya kuchezea. Akabadili kanga, akakaa wima.

"Katika ukoo kuna ugonjwa wa kurithi?"

"Hakuna. Andika hakuna."

"Nani mwenye kauli juu ya binti?"

"Mimi. Shemeji zangu walinikabidhi mbele ya padri."

"Mzazi atakubali binti aolewe na kabila lingine?"

Tekla akakunja uso. Moyoni alimtaka Mhehe, tena wa Kilolo, tena wa nyumba inayojulikana. Lakini juzi tu balozi wa nyumba kumi alisema ukabila ni adui wa taifa, na karatasi ya taipu huwezi kujua inaishia meza ya nani.

"Andika sisi sote ni Watanzania," alisema kwa sauti, jirani naye asikie.

"Mahari je?"

Hapo Tekla aliona ametumia akili. Wanaume wote aliowajua walioa kwa ng'ombe watatu, na wa tatu huwa wa ahadi.

"Ishirini. Wakiwa hai, wamesimama hapa uani. Atakayewaleta simzuii!" Akacheka hadi akajifuta machozi. Kijana hakucheka. Aliandika.

Sasa ikawa zamu ya Tekla kuuliza. "Mwanangu, huyo mwalimu wa Kihispania unamjua?"

"Namwona kila siku, mama."

"Ana ndevu?"

Kijana akajipapasa kidevu. "Hana, mama."

"Kanyoa ili tusimtambue. Ana mke?"

"Hana. Ila anatafuta."

"Uwiii, nilijua mimi!" Tekla akamshika mkono. "Ninyi mliosoma, niambieni, dawa yake nini?"

Bartolomeo akatazama karatasi yake. "Swali la mwisho linakwenda huko huko, mama. Mzazi angependa binti aolewe lini?"

"Hata kesho! Kabla huyo mtu hajamvusha bahari. Na aolewe na mtu wa hapa hapa, anayekula ugali."

Kijana, aliyekuwa anamega tonge jingine, akaliweka chini kwanza aandike na hilo. Tekla akatia sahihi, jina lote, akalipigia mstari chini. Kisha akamfunga jogoo miguu, akampa mgeni zawadi ya njiani.

Wiki tatu alilala usingizi wa mtoto mchanga.

Jumamosi ya nne asubuhi alisikia filimbi. Alipotoka, malori mawili yalikuwa yamesimama njiani, na ng'ombe wanashuka mmoja mmoja kwa mstari, kama timu inayoingia uwanjani. Mwenye filimbi ni Roza. Mlandege nzima inahesabu kwa sauti. Maharage aliyoyapanda uani yalikuwa yameliwa yote kufikia ng'ombe wa saba.

Aliposhuka wa ishirini, mzee mrefu mwenye fimbo alisogea, akainama. Alijitaja kuwa ni Ndalahwa, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Usangu. Mkononi alishika karatasi ya taipu, na Tekla akauona mstari wake mwenyewe chini ya sahihi.

"Mkwe wangu," alisema mzee, "tumeshukuru kwa majibu yako. Wazazi wengine hutuzungusha mwaka mzima."

Akamvuta mbele Bartolomeo, kidevu kimenyolewa kikang'aa, yule jogoo angali hai kwapani.

"Huyu ndiye kijana wangu, mwalimu wao wa Kihispania. Harusi tuifanye upesi, mkwe, maana mwezi wa tisa anarudi Kuba, na Roza keshapata nafasi huko huko ya kusomea michezo."