Chandarua cha Fungate

Shemeji aliitupa bahasha juu ya cherehani, akatanua kifua.

"Hoteli ya nyota tano, kisiwani. Fungate yenu hiyo. Msije mkanitia aibu kwa kulala kwenye vijumba vya makuti."

Fundi aliendelea kushona pindo la chandarua cheupe, kipana ajabu. Mchumba wake, mpaka rangi, alikuwa amechuchumaa pembeni akikishika kitambaa kisiguse sakafu. Mbele ya kaka yake alinywea kama kawaida. Akamtazama fundi, uamuzi akamwachia yeye.

Fundi aliiangalia bahasha. Aliitamani, asiseme uongo, kwa muda wa kutunga uzi kwenye sindano.

"Asante sana, shemeji. Lakini chumba chetu cha kisiwani tumeshakilipia."

Shemeji akaangua kicheko. "Mmelipia kwa kitu gani, nyie?"

"Kwa mikono. Mwenye nyumba ya wageni ana vyumba vinavyotazama bahari, na mbu wasio na adabu. Mimi namshonea vyandarua, mwenzangu anampakia rangi kuta, yeye anatupa chumba wiki nzima. Hiki hapa ndicho cha kitanda chetu."

Akakata uzi kwa meno, akapanda kigoda, akakitundika kwenye ndoano ya dari. Chandarua kikamwagika mpaka chini. Akashuka, akamvuta mchumba wake ndani, akachomeka pindo chini ya miguu yao. Mpaka rangi akanyoosha mgongo, akacheka.

Shemeji akaiokota bahasha yake juu ya cherehani, akakizunguka chandarua, akitafuta pa kuipenyezea.