La ya Mwanafunzi wa Nane

"Shusha mabega!" mwalimu wa uimbaji alisema kabla mgeni hajautia ndani mguu wa pili.

Mgeni, baba mtu mzima mwenye mikono mipana, aliyashusha. Akatua mkoba wake sakafuni, ukalia vyuma. Alipofungua mdomo ajitambulishe, mwalimu alikwisha kumwonyesha kibao cha mlangoni: NUSU SAA YA KWANZA HAKUNA KUSEMA. KOO LIPUMZIKE.

Sheria hiyo ilikuwa na miaka thelathini na haikuwahi kumsaza mtu. Muuguzi aliitii, mshona viatu aliitii, hata hakimu mmoja aliyezoea kuwanyamazisha wengine alikaa kimya kama maji ya mtungini.

"Binti yangu alinipigia simu jana," mwalimu alisema. "'Mama, saa nne nakutumia mtu, mpokee vizuri.' Basi karibu. Mikono hiyo... wewe fundi, eh?"

Mgeni aliitikia kwa kichwa, uso umemchangamka, akanyooshea piano kidole.

"Piano baadaye. Mwili kwanza."

Piano ilikuwa ya marehemu mumewe, na hakuna aliyeisogelea bila ruhusa. Binti yake aliwahi kuitolea kauli moja tu, wakanuniana wiki nzima.

Mwalimu akamzunguka mgeni akimchunguza. "Bega la kulia limepanda kwa kubeba huo mkoba. Na taya umelikaza, unatafuna nini humo?" Akamlaza chali, akamwekea kamusi tumboni, akamtaka ainyanyue kwa pumzi. Kamusi ikapanda, ikashuka. Kisha akamsimamisha atingishe midomo kama pikipiki iliyokataa kuwaka. Mate yakamrukia mwalimu kwenye miwani, akacheka mpaka akakaa kitako. Mgeni naye alicheka, ila bila sauti, maana sheria ni sheria.

Lakini moyoni mwalimu hakuwa na raha. Mezani palikuwa na kipande cha boksi alichokiandika asubuhi ile kwa mkono mzito: DARASA LIMEFUNGWA.

Tangu mvua kubwa zilipokatika, wanafunzi wake wote saba walikuwa wamepata kasoro ile ile. Akiwapa do, wanapanda wenyewe ngazi kwa ngazi, safi kabisa. Wakifika la, noti ya sita, anagusa piano kuwapima, na la yao iko juu. Juu kidogo tu, unene wa unywele. "La!" angesema, na hakimu maskini hakujua kama anakatazwa au anaambiwa arudie. Aliwalaza chini, akawapulizisha mishumaa, akawatia vizibo vya chupa menoni. Wapi!

Watu saba, koo saba, kasoro moja. Kitu pekee walichokuwa nacho wote ni mwalimu mmoja. Hapo ndipo hofu ilipomwingia kwamba sikio lake limechoka, na kwamba anawaharibu watoto wa watu bila kujua. Usingizi ulimpaa.

Kwa hiyo alijiwekea nadhiri. Huyu wa nane hakuwahi kufundishwa naye hata siku moja. Akiimba la sawasawa, darasa litaendelea. Akiikosa naye, basi kasoro haimo kooni mwa watu, imo sikioni mwake, na boksi litapanda mlangoni leo leo.

"Imba," alimwambia, akampa do.

Mgeni akaimba. Mabega yalikuwa chini, taya limelegea, na sauti ikamtoka pana na tamu, ya kumtoa nyoka pangoni. Do, re, mi, fa, so. Mwalimu akaanza kutabasamu. Raha ilioje kumsikia mtu akifunguka ndani ya nusu saa!

La. Mwalimu akagusa piano.

Juu. Unywele ule ule.

Mgeni alikunja uso, akatega sikio, akaiimba la yake tena kwa ukaidi, pale pale alipoiweka mwanzo. Mwalimu akagusa tena. Juu.

Mwalimu akafunika piano taratibu. Alitaka kumlaumu mtu, akakosa wa kumlaumu. Machozi yalimlenga, akajikaza, akamshika mgeni mkono.

"Umeimba vizuri, baba. Usiende ukadhani ni wewe. Mwenye kasoro hapa ni mimi."

Akachukua boksi lake na msumari, akaelekea mlangoni. Saa ya ukutani ilionyesha nne na nusu.

"Sasa unaweza kusema," alisema bila kugeuka.

Mgeni alivuta pumzi mpaka tumboni, kama alivyofundishwa.

"La, mama," alisema. "Si wewe."

Mkoba wake ulifunguliwa, vyuma vikalia.

"Kwanza nashukuru kwa somo, kumbe nina sauti! Halafu hilo boksi nipe mimi, nilitandike chini nipigie magoti juu yake nikifanya kazi. Binti yako kanituma nije nikaze nyuzi za piano, na hiyo la yenu, mama, imelegea hasa, imeshuka."