Safu ya Data Zilizotoka

Bomba la chuma lilipotua mara ya pili, goti la karani lilivunjika kama ukuni mkavu. Mabaunsa wawili walimwinua, wakamkalisha tena juu ya kreti.

"Nilikuwa natazama mpira, bosi! Haki ya Mungu, mpira tu!"

"Mpira!" Tajiri alicheka, akamgeuzia skrini fundi wa mtandao. "Mizigo yangu inakamatwa kila mara. Kuna mtu humu ghalani anawatumia polisi picha. Kikulacho ki nguoni mwako. Hebu soma, fundi. Mstari wa karani, safu ya data zilizotoka, tarakimu zimefurika. Si ndizo alizotuma?"

Fundi alisogea, akaisoma skrini. Huyo aliyekuwa akivuja damu kwenye kreti alikuwa mume wa dada yake.

"Shemeji, waeleze!" karani alilia. "Mfikirie dada yako!"

"Namfikiria."

Tajiri alikuwa amesoma kinyume. Hakujua kompyuta, lakini lini kutojua kumemzuia mwenye fedha kuhukumu? Mtambo unaounganisha kompyuta za ghala huhesabu kwa upande wake wenyewe: data zilizotoka ni zile zilizotoka kwenye mtambo kwenda kwa karani, yaani alizopokea. Alizotuma zilikuwa kiduchu, hazitoshi hata picha moja. Maskini, alikuwa akitazama mpira kweli. Neno moja tu la fundi lingemtoa pale akichechemea, lakini hai.

"Na safu hii ya makosa?" tajiri aliuliza. "Isije ikawa mashine inasema uongo. Sipendi kuua mtu bure."

"Hiyo huhesabu data zilizoharibika njiani. Ni sifuri. Hesabu iko sawa."

"Kwa hiyo?"

Karani alimtazama shemeji yake kwa macho yaliyokwisha kushukuru.

"Alizituma yeye," fundi alisema.

Safari hii bomba halikutafuta goti. Fundi alitoka nje, akashika ukuta, akatapika mpaka mayowe yalipokatika. Alijipangusa mdomo, akapiga simu hospitali.

"Nesi, mwekee dada yangu simu sikioni. Najua taya bado limefungwa waya, hawezi kujibu." Akasubiri. "Dada, wakikuruhusu, rudi tu nyumbani kwako. Hakuna wa kukupiga tena."