Uzito wa Kelvin

Boga la kumi na moja lilikuwa na gramu 3,240. Raphael akalirudisha kwenye turubai, akafuta viganja kwenye suruali, akachukua la kumi na mbili.

"Baba, unanunua au unakagua?" aliuliza Bi Chausiku, mwenye maboga.

Swali lilikuwa la haki. Soko zima la Mkuyuni lilimjua: afisa vipimo wa kutoka mjini, yule anayefungia mizani za watu. Kwenye meza tatu za jirani, mizani zilikuwa zimeshafunikwa magunia.

"Nanunua, mama. Natafuta la gramu 3,185, lenye mifuo kumi, hii mistari ya ubavuni."

"La kupika?"

"Hapana."

Bi Chausiku akamtazama kwa huruma. "Mganga gani siku hizi anataja gramu?"

Raphael hakuwa na muda wa kueleza, maana maelezo yenyewe yalikuwa hivi. Mkewe Prisca, mwalimu wa baiolojia, alikuwa amekubali kwenda kliniki kutolewa kijiti cha uzazi wa mpango, wapate mtoto. Sharti likawa moja: kwanza walee boga siku saba. Lisiachwe peke yake, lisilazwe juani, lisiitwe boga. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zamu ya Prisca. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi zamu ya Raphael. Jumapili wote wawili. Likifika Jumapili jioni bila ufa, kesho yake kliniki. Likipata ufa, wanasubiri mwaka mwingine.

"Mtu anayesahau kofia ya pikipiki kwa kinyozi hapewi mtoto hivi hivi," alisema Prisca.

Raphael, ambaye alikuwa amekwisha kupaka rangi chumba kidogo na kupima mlango kama kitanda cha mtoto kitapita, alitia saini.

Wakamwita Kelvin. Prisca aliandika tarehe kitakoni mwake kwa wino mzito. Kila jioni, nyumbani kwao Bigwa, Raphael alimpima kwenye meza ya jikoni kwa mizani yake ya kazini. Alipoletwa alikuwa na gramu 3,200. Jumatatu, aliporudi na Prisca kutoka shuleni, alikuwa na 3,260.

"Ameshiba," alisema Prisca.

Raphael akatoa jiwe la mizani, akairekebisha upya.

Jumatano alikuwa na 3,185.

"Tumbo la kuhara," alisema Prisca, bila kuinua macho kwenye madaftari ya wanafunzi.

Raphael akaweka kipande cha boksi chini ya mguu wa meza. Tangu hapo uzito ukatulia.

Zamu zake mwenyewe zilikwenda vizuri kiasi cha kumtia kiburi. Alimbeba Kelvin kifuani kwa kanga hadi benki, hadi kwa kinyozi, hadi msibani, ambako wazee walimsogezea kiti bila kuuliza kitu. Ofisini wakamwita Mama Kelvin. Kufika Alhamisi mchana alikuwa anaitika.

Jumamosi akampakia kwenye pikipiki, taratibu, akampeleka Matombo kwa mama mkwe. Bibi alimfunua, akamgeuza, akatangaza kwamba kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kwamba baba amefanya vizuri kumbeba. Raphael alirudi njia nzima akipiga mluzi. Mkuyuni akasimama kununua ndizi, na hapo, kwenye meza ya njegere, akaona mizani ambayo mshale wake ulianzia gramu hamsini badala ya sifuri.

Miaka tisa ya kazi ikamwinamisha kabla hajafikiri. Fundo la kanga likalegea.

Kelvin alipasuka vipande viwili.

Sasa la kumi na nne lilikuwa na mifuo kumi, gramu 3,215, na kikonyo kirefu. Raphael aliazima kisu cha Bi Chausiku, akapunguza kikonyo kidogo kidogo, kama mtu anayemkata kichanga kucha, mpaka mizani ikasoma 3,185. Kisha akaandika tarehe kitakoni, akiiga namba saba ya Prisca, ile yenye mkato katikati.

"Mpe mgonjwa pole," alisema Bi Chausiku, akimpokea fedha kwa ncha za vidole.

Jumapili jioni Prisca alitandika kitambaa mezani, akatoa karatasi ya mtihani na kalamu nyekundu. Kelvin akapandishwa kwenye mizani. 3,185. Prisca akamgeuza, akasoma tarehe, akapitisha kidole kwenye mifuo mmoja baada ya mwingine.

"Hana ufa," alisema, kwa sauti ya mtu asiyeamini macho yake. Akashika kalamu.

Raphael aliitazama namba ile. Ilikuwa sahihi kabisa, na ilikuwa ya uongo. Alikwisha kufungia mizani za wajane kwa kosa la gramu ishirini.

"Usiandike," alisema. "Huyu siye. Kelvin nilimwangusha jana, Mkuyuni. Huyu nimemnunua."

Chumba kidogo kilikuwa kinanukia rangi mpaka jikoni. Mwaka mwingine, alifikiri. Siku mia tatu sitini na tano.

Prisca alifunika uso kwa karatasi ya mtihani. Karatasi ikaanza kutetemeka.

"Vipande vingapi?" aliuliza kutoka nyuma ya karatasi.

"Viwili."

"Viwili tu." Akashusha karatasi, alikuwa anacheka mpaka machozi. "Basi kesho saa mbili kliniki, na huyo wa kweli akija, zamu nyingi ni zako. Yule uliyemwangusha, mume wangu, alikuwa Kelvin wa tatu."