Ala ya Kwapani

"Ancil, unamngoja mkwe au unamngoja mwizi?"

Hobart, jirani yake, aliuliza hivyo akiwa ameegemea uzio, alipomwona Ancil kibarazani akiipaka mafuta bastola ya babu yake. Ancil hakucheka. Jumapili, baada ya ibada, binti yake Ardith angemleta mchumba nyumbani kwa mara ya kwanza: mpiga fidla wa Tulsa, asiye na ng'ombe hata mmoja. Na tangu Mungu amchukue mkewe, Ardith ndiye aliyebaki kula naye. Ancil alikwisha kuapa kwamba huyo kijana ataondoka kabla sahani hazijaondolewa mezani, na hatarudi.

Kilichokosekana ni ala tu, ule mfuko wa ngozi wa kuichomekea bastola. Bastola ya kiunoni kila mtu anayo. Ile ya kwapani, chini ya koti la kanisani, ndiyo inayomtoa mtu jasho.

Jumamosi akaenda Tulsa, kwenye gulio la vitu vya kale. Mama mmoja mwenye miwani alikuwa na meza iliyojaa ala za ngozi.

"Nataka ya zamani, mama. Mtu akiiona ajue imeona mengi."

Ya kwanza ilikuwa fupi; mtutu ukachungulia chini kama mguu wa mtoto kwenye suruali ya mwaka jana. Ya pili, ya kahawia, kamba zake zilikuwa kavu, zikalia kwii alipoinua mkono. Ya tatu, nyeusi, ilichongwa maua, na ndani ilikuwa na springi: bastola inabanwa, ukiivuta inaachia. Moyo wa Ancil ukatua hapo.

"Unawinda nini, baba?" mama akauliza, huku akisugua mkanda.

"Mkwe!" Ancil akaangua kicheko. "Mpiga fidla wa huku huku kwenu. Kesho anakuja kula kwangu. Nikinyoosha mkono kumpa viazi, koti linafunguka kidogo, anaona, hamu ya kuoa inamwisha."

Mama akaacha kusugua. "Ana kosa gani?"

"Si nimekwambia? Fidla."

"Na asipoogopa?"

"Basi mamaye aanze kushona sanda."

Mama akaichukua taratibu ile nyeusi kutoka mikononi mwa Ancil. "Loo, nilisahau. Hii imeshapata mtu. Chukua ya kahawia, baba. Inalia kidogo, lakini kwa kazi yako itatosha."

Kesho yake kanisani, kila Ancil alipoinama kuomba, kwapa lilimlia kwii, na Hobart, benchi la nyuma, akakohoa mpaka mchungaji akamtazama.

Mchana mlango ukagongwa. Akaingia kijana mrefu, kofia mkononi. Ancil akavimbisha kifua.

"Baba, huyu ndiye Delmer," Ardith akasema. "Na mama yake yuko nyuma. Jana jioni alinipigia simu, akaniomba sana na yeye aje."

Mama akaingia, akapangusa miwani, akavua koti lake na kulitundika polepole. Kwapani, juu ya gauni la Jumapili, ilikaa ala nyeusi ya maua, na haikuwa tupu.

"Haya, baba Ardith," akasema kwa upole, akivuta kiti. "Nani aombee chakula, wewe au mimi?"

Ancil akachukua kofia yake, akatoka nyumbani kwake mwenyewe.