Kadi ya Mvua

Siku hizo mvua iliuzwa, nayo ilinyesha kwa mwenye kadi tu. Nyamizi wa Tabora alipewa kadi ya saa tatu za mvua na shangazi yake siku ya harusi. Alipoipeleka dukani, karani alitikisa kichwa.

"Imekwisha muda, dada. Na makato yamekula saa mbili."

"Kaka, sheria mpya inasema kadi ya zawadi haiishi muda, wala haikatwi ada. Niitie mkubwa wako!"

Mkubwa alikuja, akaisoma sheria kwenye simu ya Nyamizi, akazirudisha saa zote tatu. Nyamizi alirudi nyumbani mbiombio.

Alasiri wingu likaja, likatua juu ya kiwanja chake. Matone ya kwanza yalipolia kwenye bati alipiga vigelegele, akamvuta mumewe uani, wakacheza hadi nguo zikawagandia mwilini.

Ndipo akamwona jirani yao, Mama Kulwa, amesimama vumbini ng'ambo ya uzio.

"Hongera, mwanangu," alisema Mama Kulwa. "Asubuhi wingu hilo lilikuwa juu ya kiwanja chetu. Nilikwisha kulilipia. Dukani wameniambia nisubiri."

Nyamizi akaacha kucheza. Mvua ilikuwa imebakiza saa mbili na nusu.